Semina ya Fizikia Mbozi, Ng'ombe Aitwaye Kwini na Sanduku la Kupima Radi

Wakuu wa jukwaa, walionizidi umri shikamooni, ingawa nina mashaka kama mmebaki. Ninyi wengine wote, marahaba.

Jana nimesoma humu uzi wa kijana wa chuo analalamika kwamba semina za idara yao ya fizikia zinachosha: wasikilizaji wachache, chai ya baridi, profesa anasinzia mstari wa mbele. Nimecheka mpaka mjukuu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Kijana, wewe hujaona semina.

Mimi nimekaa kwenye semina ya fizikia ambayo mzee wa watu nusura amfungulie kesi shemeji yake. Ninayoandika yalitokea, na nilikuwepo nikiwa na mtoto mgongoni. Asiyeamini azime simu alale. Picha hakuna, enzi za Mwingereza camera tuliiona shingoni kwa mmisionari tu.

Basi tuanze.

Mimi ni mzaliwa wa Tunduma, mpakani. Nilisoma mpaka sekondari, zama ambazo msichana wa sekondari alitazamwa kama ndama mwenye vichwa viwili. Nikaolewa Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Mume wangu, Baba Tabitha, alikuwa chuo kikuu cha mbali: lori mpaka reli, treni mpaka ziwani, halafu meli. Alisoma fizikia. Mama mkwe akiulizwa mwanawe anasomea nini, alijibu, "Anasomea kuchelewa kurudi."

Mwaka huo alikuja likizo ya Krismasi. Tabitha alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, hajawahi kumwona baba yake. Nikavaa gauni langu zuri, nikaenda kumpokea Mlowo, barabarani.

Lori likasimama. Bwana akashuka. Akanipita. Akaenda nyuma ya lori kupokea SANDUKU.

"Taratibu! Taratibu! Msiliangushe!" anawaambia makuli.

Lilipotua chini salama ndipo akageuka. "Ah, Mama Tabitha. Ndiye huyu mtoto?"

Nikamwambia, "Hapana, huyu ni wa dereva."

Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Marehemu alijua, aliondoka duniani nikiwa bado sijamsamehe hilo moja. Mengine nilimsamehe.

Sasa niwaeleze sanduku lenyewe maana ndilo lililoleta kesi. Ndani yake mlikuwa na redio ya betri na visikilizio vya masikioni. Juu yake, kwenye mlingoti, ilikaa fremu ya mbao iliyozungushiwa waya. Radi ikipiga hata mbali sana, redio inakwaruza. Unaizungusha fremu taratibu mpaka mkwaruzo unafifia kabisa, hapo unajua radi imepiga upande gani. Ndiyo hivyo tu. Mtu anaacha mke, anaacha uji wa moto, anakimbilia mvuani kusikiliza mikwaruzo.

Kwa nini alihangaika hivyo? Idarani kwao kulikuwa na desturi. Kila Alhamisi baada ya chai mmoja anasimama na chaki anaeleza utafiti wake, halafu anaulizwa. Sheria ilikuwa moja tu: kila aliyemo chumbani ana haki ya kuuliza, na mwenye chaki hana haki ya kukasirika.

Mwalimu wao, Mwingereza mmoja mrefu, alikuwa amewapa wanafunzi wachache masanduku waende nayo makwao. Naye angewapitia kwa gari, kila mmoja atoe semina yake palepale penye mlingoti. Atakayefanya vizuri anaendelea na mwaka wa mwisho, na mwenye familia anapewa chumba cha familia.

Chumba cha familia, wakuu. Mlango wangu mwenyewe, jiko langu mwenyewe! Nilimpenda mama mkwe, lakini kukaa na mtu anayeonja mboga yako kila siku kisha anaongeza chumvi bila kusema neno, hilo msiniombe.

Kwa hiyo lile sanduku lilikuwa adui yangu na tiketi yangu pia.

Ikaja siku radi ikaua ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Nzunda. Alikuwa ng'ombe wa maziwa, mnene, anaitwa Kwini. Mzee yule alizaliwa Ileje, milima ya Itumba, akahamia Mbozi kijana. Kwini alitoka kwenye zizi la mama mzazi wa mzee huyo, aliyekuwa bado anaishi kulekule Itumba.

Kwetu wakati ule radi haikupiga tu. Radi ilitumwa. Na hapa kijijini kuna mtu amesimamisha waya juu, kila mvua ikinyesha anakaa chini yake anaiongelesha!

Wazee wakakaa kwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Jibu likaja haraka: Jumapili baada ya ibada waya ushuke, sanduku likatupwe mtoni.

Na mwalimu alikuwa anafika Jumatatu.

Baba Tabitha akajiinamia. Anasema, "Nitawaeleza nini hawa? Hawataelewa." Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Yaani umeacha kumbeba mwanao ukabeba sanduku, halafu unaliacha litupwe kwa sababu unaona aibu kuongea na watu waliokulea?

Nikamfunga Tabitha mgongoni nikaenda kwa jumbe mwenyewe. Wazee walikuwepo. Nikapiga goti, nikasalimia vizuri, halafu nikasema: "Baba zangu, mtu hahukumiwi bila kuulizwa. Jumatatu anakuja mwalimu wake. Mume wangu atasimama mbele ya watu, na sheria yao ni kwamba yeyote aliyemo chumbani anauliza, naye hakasiriki."

Mzee Nzunda akainua kichwa. "Hata mimi?"

"Hata wewe baba."

"Na mzungu atakuwepo anasikiliza ninavyouliza?"

"Atakaa kwenye benchi kama wewe."

Jumbe akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha furaha. "Huyu binti wa mpakani ana mdomo wa sokoni," akasema. "Waya usubiri Jumatatu."

Nilipomweleza mume wangu, alikaa chini. "Umealika kijiji kizima kwenye seminar?"

"Sheria ni yenu," nikamjibu. "Kula wali wako."

Jumatatu darasa la shule ya misheni, hatua chache kutoka penye mlingoti, lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu akafika na kaptula yake na soksi ndefu, watu wakambatiza palepale Bwana Kaptula. Alifuatana na wanafunzi wengine wawili. Akaangalia umati, akaniangalia mimi na mtoto, akasema kwa upole kabisa kwamba pengine mama angestarehe zaidi nje.

Nikamjibu kwa Kiingereza chake, "Nimestarehe hapahapa, bwana. Mimi ndiye mkalimani."

Hakuna mtu aliyekuwa amenichagua. Nilijichagua mwenyewe. Baba Tabitha akajifanya anatafuta chaki.

Akaanza. Sitadanganya, wakuu, alizungumza vizuri mpaka hasira ikanipungua kidogo. Alichora Mbozi ubaoni, akachora Ziwa Rukwa, akaeleza fremu inavyofanya kazi. Mimi natafsiri huku na huku. Wazee wanaitikia kwa vichwa. Bwana Kaptula anaitikia kwa kiko. Nikaanza kuona mapazia ya chumba changu.

Halafu akachora mstari mrefu kutoka Mbozi kuteremkia bondeni. Akasema, "Radi nyingi za likizo hii, pamoja na zile nilizosikia kabla Kwini hajapigwa, zilitoka upande huu. Upande wa Kamsamba."

Mzee Nzunda akasimama, benchi likaanguka.

"KAMSAMBA! Nilijua! Silwimba huyo!"

Silwimba alikuwa shemeji yake. Alimwoa dada yake Nzunda akateremka naye Kamsamba kulima mpunga, na tangu hapo Mzee Nzunda hakuwahi kumaliza kikombe cha chai bila kumsema kwamba ni mvivu.

"Baba, sijataja mtu," mume wangu anajitetea. "Nimetaja upande."

"Upande huo mimi nina mtu mmoja tu! Jumbe, sanduku limesema! Silwimba aletwe!"

Kelele! Wengine wanasema sanduku liheshimiwe, kumbe linafichua wachawi. Mmoja dirishani anauliza kama linaweza kumtaja na aliyemwibia kuku. Mama mkwe ananitazama kwa jicho la "si nilisema." Nikaona wazi: semina ikiisha hivi, mtu asiye na kosa Kamsamba anaharibiwa jina, na mume wangu anageuka mpiga ramli. Chumba cha familia tutapewa na nani?

Bwana Kaptula akaniuliza, "Yule mzee anasema nini?"

Mayo, mama yangu! Nikafikiri upesi. Nikamwambia, "Anauliza kama mna uhakika na huo upande, bwana."

Si uongo. Ni kweli iliyonyooshwa kwa pasi.

Uso wa mzungu ukang'aa. Kumbe swali hilohilo alikuwa nalo mdomoni! Akasimama, akaomba fremu iteremshwe iletwe darasani. Akaigeuza mbele ikawa nyuma, nusu duara kamili. Akamuuliza mume wangu: ukiigeuza hivi, mkwaruzo haufifii vilevile?

Baba Tabitha akajipiga paji la uso. Chaki ikamdondoka.

Alikuwa amesahau. Fremu ile haijui mbele wala nyuma. Inakupa mstari, haikuambii radi iko ncha ipi ya mstari. Ni jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa kwanza kabisa, na yeye alilisahau mbele ya mwalimu, jumbe, na mama yake mzazi.

Nikatafsiri polepole ili kila mtu apate. "Mwalimu anasema radi huenda ilitoka Kamsamba. Au ilitoka upande ulio kinyume kabisa."

Jumbe akauliza, "Kinyume ni wapi?"

Mume wangu akaurefusha mstari upande wa pili. Ukapita Mbozi, ukapanda milima, ukaingia Ileje.

Itumba.

Sauti moja ya nyuma ikauliza kwa adabu kabisa, "Nzunda, Itumba si kwa mama yako?"

Na nyingine: "Bibi kafuata ng'ombe wake!"

Darasa likapasuka. Watu walicheka mpaka Tabitha akaamka, naye akacheka.

"Mama yangu?" Mzee Nzunda anapiga kelele. "Mama yangu hana jino hata moja, atarusha radi?"

Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema, "Baba, mstari ni mmoja. Ukiushika mkia ulioko kwa shemeji, ujue kichwa kiko kwa mama. Ama uwashitaki wote wawili, ama umwache kila mtu."

Mkewe, Mama Nzunda, akamalizia akiwa amekaa vilevile. "Na huyo Silwimba si wewe unayesema ni mvivu hata ndege hafukuzi kwenye mpunga? Leo amepata wapi nguvu za kurusha radi msimu mzima?"

Mzee akatafuta benchi lake. Lilikuwa limeanguka. Akabaki amesimama, anautazama ule mstari.

"Mama yangu hawezi kubaki kwenye ubao wa shule," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Dawa yake nini?"

Nikampa Bwana Kaptula swali. Akajibu kwamba dawa ni sanduku la pili, liwekwe mahali pengine. Kila moja litoe mstari wake, na pale mistari inapokutana ndipo radi ilipo.

"Leteni," akasema Mzee Nzunda. "Liwekeni Kamsamba. Kwa Silwimba. Si ana nafasi yule?"

Jumbe akasema waya urudishwe juu, ole wake atakayeugusa.

Jioni Bwana Kaptula alimwambia mume wangu mbele yangu kwamba amekosea kosa la aibu, na kwamba hiyo ndiyo semina ya kwanza aliyohudhuria ambapo kila mtu chumbani alitaka jibu kweli. Akampa mwaka wa mwisho. Akatupa sanduku la pili lililokuwa garini. Kwangu akainamisha kichwa akasema mkalimani ameuliza vizuri. Nikamwambia nilitafsiri tu.

Silwimba je? Alilipenda lile sanduku kuliko mpunga. Kazi ya kukaa mvua inanyesha, masikio yamezibwa, mke akiita husikii! Watu wakasema Mungu hamtupi mja wake.

Na chumba cha familia tulipata. Kidogo, dirisha moja, mlango wangu, jiko langu, chumvi yangu. Chini ya kitanda mlikaa nini? Sanduku. Nisiendelee, presha itanipanda.

Wanafunzi mnaotoa semina, funzo langu ni hili. Msiwaalike watu waliolipwa kupiga makofi. Mwalikeni mwenye ng'ombe aliyekufa. Atakuuliza vibaya, atapiga kelele, lakini hatasinzia.

Ila kuna deni moja la jibu. Msimu uliofuata tulirudi likizo na sanduku letu, mistari miwili ikakutana, na haikukutana Kamsamba wala Itumba. Ilikutana porini, kuelekea Ziwa Rukwa, mahali pasipo hata kibanda. Tulimpelekea Mzee Nzunda habari. Akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake. Hata Silwimba akamtakia baraka.

Kisha akavaa kofia, akakaa kidogo, akamuuliza mume wangu, "Sasa huko porini anakaa nani?"

Wanafizikia mliomo humu, uwanja ni wenu. Mwenye jibu aliweke hapa chini.