Homa ya Ng'ombe

Ng'ombe wa baba hakuwa na nyama wala kwato. Alikuwa roboti ndogo ya mapigano, haizidi kopo la biskuti. Mwili niliukata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia vitunguu, mbele nikamfunga kipande cha springi ya gari kinachozunguka kwa kasi ya kutisha, chini magurudumu manne, tumboni betri. Unamwendesha kwa rimoti yenye vijiti viwili, kila kidole gumba na kijiti chake. Tunawaingiza wawili ndani ya boksi la mbao lenye kuta za plastiki ngumu inayoonyesha, wanapigana mpaka mmoja ashindwe kwenda. Halafu unarudi nyumbani na vipande vyako, unatengeneza, unaongeza, unabadilisha, unarudi tena. Ukiniuliza faida yake nitakufukuza.

Kazi yangu hasa ni ufundi wa feni, redio na simu, nina kibanda mtaa wa Makorora, hapa Tanga. Roboti nilianza peke yangu, kwa kutazama kwenye simu watu wa mbali wakigonganisha za kwao. Kisha wakaingia vijana wa chuo cha ufundi, na seremala mmoja akatupa kona ya karakana yake tuweke boksi. Siku moja baba akaja pale kunisema: mwanamke mzima, una watoto wako, wacheza vigari! Akakuta mbili zinakabiliana. Akalisogelea boksi. "Lahaula," akasema, "mbona huu mchezo wa ng'ombe!"

Baba yangu ni Mpemba. Alivuka kuja Tanga akiwa kijana, akaoa hapa, akazeekea mtaa wa Mabawa. Kwao wanacheza na ng'ombe dume: ngoma inapigwa, kina mama wanaimba, mtu anasimama mbele ya mnyama na kitambaa mkononi, na mnyama hauawi. Baba ujanani alikuwa mmoja wa hao wanaosimama mbele. Tangu siku ile hapakuwa na roboti tena pale karakana, kukawa na ng'ombe. Hata vijana wakawa wanaulizana, "Ng'ombe wako kala?" Maana yake, umeshachaji betri?

Na mchezo aliujua, wallahi aliujua. Mimi hasira huniponza, nikishika rimoti naenda mbio na kujigonga ukutani. Baba alikuwa akisubiri. Anamwacha mwenzake aje, anasogea pembeni kidogo tu, kisha anampiga ubavuni. Basi tukagawana, mimi naunda, yeye anaendesha. Mama akawa anacheka kwamba mumewe kapata mke wa pili wa chuma. Sikuwahi kuwa karibu na baba namna ile, hata utotoni.

Ndipo ikaja homa.

Neno ni lake. Alasiri moja ng'ombe, badala ya kwenda njia iliyonyooka, akawa anatikisa kichwa kushoto kulia, kushoto kulia, chuma kinakwaruza sakafu. Baba akamzima, akamtazama. "Ng'ombe ana homa," akasema. "Mtibu."

Nikamtibu. Kwanza nilishuku waya, nikazichomelea upya zote. Homa ikabaki. Nikabadilisha risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti. Homa. Nikasema ni chumvi, maana hapa kwetu hewa ya bahari inakula chuma hata ndani ya kabati. Nikang'oa mota zote nikaweka mpya. Nikaweka magurudumu mengine, mapana zaidi. Nikamlaumu mwenye duka la vifaa, nikamlaumu aliyevitengeneza, nikaulaumu mnara wa simu wa mtaa wa pili. Na cha kunichoma zaidi, kibandani kwangu, nikimwendesha mimi, anakwenda sawasawa! Nikimpelekea baba, anatetemeka. "Kwako kapona," anasema, "kwangu kaanza tena. Ng'ombe humjua mwenyewe." Nikabadilisha na rimoti. Yule mnyama akawa hana kiungo cha zamani hata kimoja, isipokuwa ule ubao wa vitunguu, na bado mgonjwa.

"Dada, huyo mpeleke kwa mganga," vijana wakanitania. Niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Aliyenifumbua macho ni mama, tena bila kukusudia. Nilipita Mabawa mchana mmoja, nikamkuta mbele ya sinia la wali, anakula peke yake. Nikauliza baba yuko wapi. "Siku hizi anataka chakula chake chumbani," akasema. "Na barazani kwa kahawa haendi tena. Ati kahawa imekuwa mbaya." Kahawa imekuwa mbaya! Mtu ambaye tangu nimepata akili alasiri yake ni barazani, na kahawa chungu, na ubishi. Nikavifikiria vile vikombe vidogo, vinavyojazwa mpaka ukingoni, na wenzake wamekaa wanatazamana.

Niliingia chumbani bila kubisha hodi. Alikuwa kakaa kitandani na sahani magotini, mkono wa kulia unacheza wenyewe, wali umemwagika juu ya msuli aliojifunga. Aliponiona akauchomeka chini ya mto. Mkono, si sahani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba!"

"Miye mzima," akasema. "Mgonjwa ng'ombe."

Nikapandwa na hasira. Nilipiga kelele mpaka mama akaja mlangoni. Nilimwambia nimeng'oa kila kitu tumboni mwa mnyama yule, na yeye anajua, ananitazama tu! Nikamwambia kesho hospitali, hakuna mjadala. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba daktari ataupa ugonjwa jina, na ukishapata jina mtaa mzima utalijua, na yeye hatatoka mlango ule tena mpaka siku ya kutolewa. Baba hana vitisho. Akisema jambo, ndivyo atakavyofanya.

Kulikuwa na mashindano yanakuja Lushoto, kwenye ukumbi wa shule moja, na tulikwishajiandikisha. Mama ndiye aliyetupatanisha. Baba aende. Ng'ombe akienda sawa mbele za watu, tumwache na mkono wake, tusimsumbue tena. Akitetemeka, aende hospitali bila neno, na asijifungie ndani. Baba akakubali, nami nikakubali. Nilikuwa na uhakika wa kushinda, na uhakika huo ulikuwa unanila moyo, maana nilijua nampeleka babangu milimani akaaibike ili nipate kumpeleka kwa daktari. Usingizi ulinipaa.

Sasa, habari ya mafuta. Gia za ng'ombe zinataka grisi. Nimemwambia baba mpaka nimechoka, grisi! Yeye anatia mafuta ya nazi, yale ambayo mama anakuna na kupika mwenyewe. "Tunapaka kichwani, tunamkandia mtoto," anasema, "yatamdhuru nini ng'ombe?" Na huku kwetu kweli hayakumdhuru. Asubuhi ya kuondoka nilimwona anamtilia, tena kwa ukarimu, kwa mkono wa kushoto. Nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa hatusemezani vizuri.

Lushoto ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Wenyeji wetu Wasambaa walipotuona tumejikunyata wakaanza utani wao palepale: nyie watu wa nazi, leo mtajua hamjui! Baba alikuwa kavaa koti juu ya kanzu, na mkono wa kulia hakuutoa mfukoni mpaka alipopewa rimoti.

Pambano la kwanza lilipoanza niliinamisha macho. Nikasikia vyuma vinazunguka, nikasikia watu "Aaah!" Nikainua uso. Ng'ombe alikuwa anakwenda sawa. Mzito kidogo, lakini sawa. Baba akamngoja mpinzani, akasogea pembeni, akampiga ubavuni, gurudumu la mwenzake likaruka na kugonga ukuta wa plastiki. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Baba akanigeukia, meno yote nje. "Umeona? Umeona weye?" Akampigia mama simu palepale. "Mzima! Miye mzima! Mwambie mwanao aniombe radhi!"

Na mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikajiambia labda kweli nilikosea, labda ni uchovu tu wa uzee, umepita. Nikamchukua ng'ombe nikampeleka mezani kumbadilishia betri, na kwa mazoea nikazungusha gurudumu kwa kidole. Likakataa. Nikafungua boksi la gia. Ndani kulikuwa kweupe pe. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kwa baridi, yamezishika gia zote. Kidole cha baba kilikuwa kinatetemeka vilevile. Ila mitetemo midogo haikuwa na nguvu ya kusukuma gurudumu lililoshikwa namna ile. Kilichopita ni msukumo mkubwa tu, ule wa kukusudia.

Kwetu mafuta yakiganda ni asubuhi moja moja ya kipupwe, unaweka chupa juani, yamekwisha. Nani angewaza? Nilisimama na bisibisi mkononi, nataka kucheka, nataka kulia. Nimwambie? Nimwambieje? Alikuwa pale katikati ya watu, anapokea pongezi, anawapa mkono, tena ule wa kulia. Kabla sijapata la kusema tukaitwa tena.

Mpinzani alikuwa kijana mrefu mwenye adabu zake. Akainama kidogo. "Shikamoo babu." Baba akaitikia kwa madaha, wakaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri. Lakini mota zikifanya kazi hupata moto, na jua nalo lilikuwa limeshatoboa ukungu, limeingia madirishani. Nikaona kichwa cha ng'ombe kinatikisika, kidogo tu. Kisha zaidi. Mafuta yalikuwa yanayeyuka. Kushoto kulia, kushoto kulia, chuma kinakwaruza ubao. Watu sasa hawakutazama boksi. Walitazama mkono.

Yule kijana naye akaona. Akamrudisha ng'ombe wake nyuma, akamweka kona, akazima chuma, akashusha rimoti. Hakufanya kwa dharau. Alifanya kama alivyolelewa, na mimi kwa kitambo kidogo nilimpenda kwa hilo.

"Mwambie anipige," baba akasema. Hakunitazama.

"Baba, basi. Imetosha."

"Mwambie anipige! Sikuja huku kuamkiwa."

Nikalizunguka boksi mpaka kwa kijana. "Mpige," nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Dada, siwezi. Mtu mzima yule, na anaumwa." Nikamshika bega, nadhani nilimfinya. "Nakwambia mpige! Ukimwachia hivyo, hatatoka nje tena."

Akanitazama, akamtazama baba, akawasha chuma.

Akampiga. Baba hakuviacha vijiti. Ng'ombe akaja kwa kuyumba, akapigwa, akageuzwa, akarudi tena kwa kuyumba vilevile, na mara moja akaweza kumkwaruza mwenzake ubavuni. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, kisha wengine. Baba alikuwa kauma mdomo wa chini, mkono unacheza mbele ya kila mtu, na hakuuficha. Gurudumu likatoka, betri ikachomoka, ng'ombe akalala. "Ahsante, mwanangu," baba akamwambia yule kijana. Kijana akainama tena, chini kuliko mwanzo.

Tulikaa nje kwenye ngazi, juani, na vipande vya ng'ombe ndani ya kikapu. Njiani kutoka Tanga nilikuwa nimepanga nitakayosema: ulikubali mwenyewe, mama ni shahidi, kesho asubuhi hospitali. Sasa sikuona pa kuanzia. Watu walikuwa wanapita, wanatusalimu, na wengine wanajifanya hawaoni. Baba akavua koti, akalikunja. Akaunyoosha mkono wa kulia na kuuweka mapajani kwangu, kiganja juu, unacheza.

"Haya, fundi," akasema. "Na huu utaubadilisha na nini?"

Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, na baba akaniachia niushike.