Barua zangu zote zilikuwa zinaingia kwenye simu ya Katibu

Wakuu, heshima kwenu.

Leo sina stori ya kutunga. Haya yamenikuta mimi, mama wa miaka 57, mzaliwa wa Kasulu, sasa niko Flemingdon Park, Toronto. Asiyeamini apite kimyakimya.

Kanisani kwetu kuna kaka tunamwita Katibu. Ukiwa na form yoyote unampelekea yeye. Anajaza haraka na hadai hata asante, Mungu ambariki kwa hilo.

Tatizo form ikitaka email, anaweka yake. Kwangu, kwa Mama Riziki, kwa karibu kanisa zima. Barua zetu zinaingia kwenye simu yake, halafu anatusomea Jumapili baada ya ibada, mbele za watu.

Ndivyo kanisa zima lilivyojua presha yangu imepanda. Niliona aibu.

(Msinicheke. Kasulu nilikuwa nauza vitenge, email ya nini?)

Juzi kati Katibu kasafiri kwenda Bujumbura harusini, mwezi mzima, simu haipatikani. Na mimi niko kwenye foleni ya nyumba za serikali mwaka wa sita. Wakikuandikia usipojibu ndani ya siku kumi, jina linakatwa.

Wenzangu wakasema, "Tumsubiri tu." Nikasema mimi simsubiri mtu.

Maktaba ya mtaani ina darasa la bure la internet kwa sisi tusiojua kitu. Nikaenda na uniform, maana natoka moja kwa moja kazini, nahudumia wazee. Pembeni yangu alikaa Mzee Karim, Mhindi wa Tabora, miaka 79. Nikikosea ananiambia, "Polepole mama, mimi jana nimefuta kila kitu."

Darasa la tatu nikapata email. Yangu! Nililia pale pale mbele ya kompyuta.

Kesho yake nikaenda ofisi ya nyumba na kitambulisho changu. Dada wa dirishani akabadilisha email, kisha akanikazia macho. "But we wrote to you. Eight days ago."

Siku nane tangu waniandikie, zimebaki mbili!

Akaituma ile barua upya, nikarudi maktaba mbio. Mzee Karim akasogea anisaidie kusoma. Nikamwambia, "Hapana mzee, hii naisoma mwenyewe." Akacheka, akageuza kiti. Nikajibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja.

Nyumba nikapata.

Katibu karudi, kaja kunipongeza. Kakaa kwenye kochi langu, akasema kwa upole kabisa, "Dada, si unipe hiyo password niwe nakuangalizia? Mtandaoni matapeli wengi."

Nikamwongezea chai.

Funzo: anayekushika mkono mshukuru, anayekushikia barua zako mnyang'anye. Jumanne naenda maktaba na Mama Riziki na wengine wanne.

Mnaosema nimemdharau Katibu, uwanja wenu, povu ruksa. Nitawajibu mwenyewe, kwa kidole changu kimoja.