Digrii Sitini za Bi Mwanakheir

Saa tisa alasiri, mtaa wa Amani, mjini Zanzibar. Bi Mwanakheir Machano amekaa mbele ya kompyuta yake, mtandio umemteremka mabegani. Kiooni anapita bibi harusi aliyepambwa akapambika, lakini macho ya Bi Mwanakheir hayako kwake. Yako chini pembeni, penye tarakimu mbili ndogo zinazoonyesha joto la prosesa, ubongo wa kompyuta. Zinasema 57.

"Bado tuko salama," anasema. "Sitini ndio mwisho wangu. Ikipindukia hapo nnazima, hata mwenye harusi awe kanikalia kichwani."

Mwenye harusi amemkalia kichwani kweli. Bi Khamisa, ambaye binti yake Arwa ameolewa wiki iliyopita, yuko kitini nyuma yake tangu adhuhuri na ameapa haondoki bila ya DVD. Kesho alfajiri Arwa anapanda ndege kumfuata mumewe Maskati, na wakwe wa huko, ambao hawakuweza kuja, wanangoja kwa hamu kuiona shughuli. Kompyuta imeanza kuitengeneza video hiyo saa kumi na mbili asubuhi. Isipokatizwa, itamaliza saa mbili usiku.

Mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ni mwanamume, amewekewa kiti barazani. Anayoyaandika ameyasikia dirishani, na yaliyompita amehadithiwa na wenyewe. Kioo cha kompyuta hakukiona, wala hakuthubutu kuomba.

Ndivyo ilivyo kazi ya Bi Mwanakheir, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 36. Anapiga na kuhariri video za shughuli za wanawake. Ndani ya ukumbi ule buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na watu wazima na heshima zao hucheza wasivyocheza popote pengine. Anayeshika kamera lazima awe mwanamke, na anayekata na kuunganisha picha vilevile.

"Na kompyuta ikiharibika?" anajiuliza mwenyewe, kisha anacheka. "Hapo ndipo nlipokoma."

Ilikuwa mwaka juzi, 2003. Harusi moja ilikuwa ikiichukua kompyuta yake saa kumi na saba kuimaliza, na wateja hawana subira. Akasikia kwamba prosesa inaweza kukimbizwa kuliko mwendo iliotoka nao kiwandani, ukiiongezea umeme kidogo. Ya kwake ilipangiwa volti 1.65. Yeye akaipandisha mpaka 1.95.

"Nliona ni sawa na jiko la mkaa," anasema. "Unataka wali uive upesi, unachochea."

Prosesa ilidumu siku tisa. Siku ya kumi kompyuta ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na ndani yake mna harusi tatu.

Wakati huo hakujua hata diski iliyohifadhi picha inakaa wapi. Akalibeba sanduku zima mpaka kwa Qais, fundi mwenye kiduka Mkunazini, akashinda naye mchana kutwa. Kila kioo kilipowaka, alikirushia kanga.

Qais anaikumbuka siku ile vizuri kuliko anavyopenda. "Nnamwambia, Bi Mwanakheir, mie ntatengeneza nini na mie sioni? Ananambia, wewe nambie nibonyeze wapi, mie ntakusomea. Basi kaingia chini ya kanga, yeye na kioo, ananisomea herufi mojamoja. Waliopita njia walidhani nnapunga pepo."

Prosesa nyingine ilimgharimu shilingi elfu tisini, zaidi ya nusu ya malipo ya harusi moja. Lakini anasema fedha hazikumuuma kama aibu ya kubeba amana za watu mikononi akazipeleka alikoapa hazitafika. Aliporudi nyumbani alijifungia chumbani akalia, kisha akafuta machozi na kurudi kwa Qais kutaka kufundishwa.

Alifundishwa mlangoni pa kiduka, prosesa iliyokufa ikiwa mkononi. Kwanza, mwendo uongezwe kidogo kidogo, na kila hatua ijaribiwe saa kadhaa kabla ya kwenda mbele. Volti zisiguswe mpaka mwendo wenyewe uzidai, na kwa prosesa ya aina yake inayopozwa kwa feni ya kawaida, asivuke 1.75. Joto likipita sitini kazi ikiwa imepamba moto, asimame. Kiwanda kinaruhusu zaidi ya hapo, lakini kiwanda hakijawahi kulala Amani mwezi wa Februari chini ya bati.

Leo prosesa yake inakwenda megahezi 2,200 badala ya 1,833, kwa volti 1.70. Harusi ya saa kumi na saba inakwisha kwa saa kumi na nne. Grisi nyeupe ya kupitisha joto anaipaka mwenyewe, na feni anaisafisha kila Ijumaa kwa mswaki.

Saa tisa na nusu tarakimu zinasoma 59. Muda mchache baadaye, 60. Bi Mwanakheir anaigeuza feni ya mezani iielekee kompyuta. Haisaidii kitu. Zinapofika 62 ananyoosha mkono na kuisimamisha kazi.

"Umefanya nini?" anauliza Bi Khamisa.

"Nimezima, Bi Khamisa. Imepindukia."

"Si utaiwasha tena?"

"Ntaiwasha. Lakini itaanza mwanzo."



Bi Mwanakheir anafungua ubavu wa sanduku. Feni inazunguka, vumbi hamna. Anapiga magoti, anachungulia chini ya meza. Pale pale kompyuta inapovutia hewa pamewekwa chetezo cha udongo, makaa mekundu, udi unafuka taratibu.

"Nani kaweka hiki?"

"Mie," anajibu Bi Khamisa bila ya wasiwasi wowote. "Harusi gani inaangaliwa bila ya udi? Nkaona nikiweke hapo, harufu iipate na mashine, na husda za watu ziiepuke."

Bi Khamisa ni mtu mzima kwake, hagombezwi. Bi Mwanakheir alikitoa chetezo nje akakitua miguuni mwa mwandishi, ambaye alinukia udi kwa siku mbili na kuulizwa maswali nyumbani kwake.

Saa kumi kazi ikaanza upya. Bi Khamisa, ambaye hesabu anaijua, akaona itakwisha kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ndege ya Arwa inaruka saa kumi na moja.

"Mwanangu, zitie hizo volti," akasema. "Zitie zote zilizobaki. Siku moja tu haidhuru."

"Sitii, Bi Khamisa."

"Unajua nnajuana na watu wangapi mji huu?"

Alijua. Nusu ya wateja wake wametoka mdomoni mwa Bi Khamisa, na mdomo huohuo unaweza kuwaondoa.

"Nkizidisha inaweza kufa," akamwambia. "Ikifa, diski ntaitoa mwenyewe, sasa najua. Lakini ntakwenda kuisoma kwenye mashine ya nani? Ya Qais. Na wewe umo ndani, saa ya pili, dakika ya kumi."

Saa ya pili, dakika ya kumi, ndipo Bi Khamisa alipojifunga kibwebwe akaingia kati ya ukumbi, akacheza peke yake dakika saba, mtandio ukiwa haujulikani ulikoangukia.

"Sasa joto limefika ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hamsini na nne."

"Ipunguze mwendo."

"Hapo ilipo inatosha, Bi Khamisa."

"Nakwambia ipunguze, mwanangu. Arwa atangoja."

Arwa aliondoka mikono mitupu. Bi Mwanakheir alikuwa macho ndege ilipopita juu ya paa, na anakiri kwamba moyo ulimuuma sana. DVD ilikwenda wiki iliyofuata ndani ya mkoba wa shangazi yake Arwa, Bi Hamda, ambaye hakuuachia hata kwenda chooni.

Mwezi wa Ramadhani harusi hakuna, na Bi Mwanakheir amepanga kuutumia kufungua darasa nyumbani kwake, wanawake watano, wajifunze kuifungua kompyuta, kuitengeneza na kuikimbiza bila ya kuiua. Ndoto yake ni duka Mwanakwerekwe, ambako mwanamke ataleta mashine yake na kuikuta mikono ya mwanamke.

Wa kwanza kujiandikisha ni Bi Khamisa, mwenye miaka 54, ambaye hajawahi kugusa kibodi. Hataki intaneti wala kuandika barua. Anataka kujua namna ya kuzifuta dakika saba.

"Nimemwambia hilo ni somo la mwisho," anasema Bi Mwanakheir. "Asome kwanza mengine yote. Zile dakika ndizo nzuri kuliko zote katika harusi ile, na nkimpata mwezi mzima, pengine atakubali kuziacha."