Siku Mto Tana Uliporudi Nyuma

Harufu ndiyo iliyotangulia: tope lenye chumvi na majani yaliyooza juani. Mimi ni mtoto wa Balambala, bara kabisa, na pua yangu haikuwahi kukutana na bahari. Mwaka ule wa ukame Aabo, baba yangu, aliamua tushushe ng'ombe hadi karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini, kwa kuwa malisho ya kwetu yalikuwa yamebaki jina tu. Bahari yenyewe hatukuiona, ilikuwa ng'ambo ya mikoko. Nilijua mambo mawili tu juu yake, yote kutoka duksi, chuo chetu cha Qur'ani: kwamba Mwenyezi Mungu ameweka kizuizi kati ya maji matamu na ya chumvi, na kwamba Siku ya Kiyama bahari zitapasuliwa. Hilo la pili mwalimu alilieleza fimbo ikiwa mkononi, kwa hiyo lilinikaa.

Asubuhi moja Aabo alivuka na ng'ombe hadi kisiwa cha mchanga katikati ya mto, penye nyasi mbichi. Maji yalimfika magotini. Mimi na Hooyo, mama yangu, tulibaki ukingoni na ndama. Nilikuwa nachota maji kwa dumu nilipoona kijiti kikipita mbele yangu kikielekea juu, huko tulikotoka. Kikafuatwa na povu, kisha na mto mzima. Wahenga husema maji hufuata mkondo. Siku ile mkondo wenyewe uligeuka. Nikaonja. Chumvi. Kizuizi kimevunjika, nilijiambia. Nikapiga shahada mbiombio, nikikosea maneno. Kule katikati kisiwa kilikuwa kinapungua, ng'ombe wamesongamana, na Aabo ameinua mkono, sijui akituita au akituaga. Hakujua kuogelea, nani kwetu anajua?

Hooyo alimkimbilia mama mmoja Mpokomo aliyekuwa akipalilia mpunga hapo karibu. Sikuwahi kumsikia Hooyo akiomba kitu kwa sauti ile.

"Mama, hii maji inabanda juu. Bwana yangu iko kule ndani."

"Ni bahari inajaa, dada. Bamvua hili, maji makubwa ya mwezi mpevu. Mwambie asivuke, asimame pale palipoinuka. Yatapwa, yatarudi baharini."

Tulimpigia Aabo kelele kwa maneno hayo mpaka koo zikakauka. Kisha tukasimama tukitazama maji yakimpanda: vifundo, magoti, mapaja. Yakasita. Polepole mto ukashika tena njia yake. Aabo alivuka akiwa ameshika mkia wa ng'ombe, akaenda moja kwa moja kuswali.

Leo nafundisha jiografia mjini Garissa, nyumba yangu iko mtaa wa Waberi. Darasani naeleza bila wasiwasi kwamba maji ya chumvi ni mazito, huteleza chini ya yale matamu, na mwezi huyavuta hadi yakapanda mtoni. Wanafunzi wakiniuliza kuhusu kizuizi, nawaambia aya na sayansi hazijagombana. Mimi ndiye niliyedhani ni ukuta wa mawe. Lakini ukame uliopita nilimpeleka Aabo, sasa mzee, kuwatazama ng'ombe wake kulekule. Maji yalijaa, yakapwa, na yaliyobaki bado yalikuwa ya chumvi. Mpunga ulikuwa umekauka ukiwa bado mchanga. Nikamweleza kwamba mto umedhoofika na bahari inapanda. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ng'ombe wanywe nini.

Tunasema penye wazee haliharibiki jambo. Utotoni nilimtazama yeye usoni nijue kama niogope. Sasa yeye alikuwa ananitazama mimi, nami niliogopa kuliko siku ile, maana hakukuwa na mtu wa kuniambia yatapwa.