Nilikuwa mwalimu wa chekechea mwenye cheti, Bi Somoe alikuwa mpishi wa uji

Wakuu, salaam kwenu.

Nimeusoma ule uzi wa jana mnaobishana mwalimu wa chekechea awe na sifa gani. Wengine mnataka diploma, wengine digrii, na yupo mmoja kasema "yeyote mwenye moyo". Nimekaa kimya hadi vidole vikaniwasha.

Haya ninayoandika niliyafanya mwenyewe, na mengi hayanipambi. Kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mambo yamefunguliwa. Kila kitu kilikuwa ruksa kuuzwa: mitumba, redio, na elimu pia. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, matokeo yangu tuyaache kama yalivyo.

Mjomba wangu wa Dar akanilipia kozi ya ualimu wa watoto wadogo. Miezi mitatu, chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mkufunzi wetu wa saikolojia ya mtoto alikuwa karani wa kiwanda kilichouzwa, kapunguzwa kazi. Alikuwa mtu mwema. Alitusomea daftari, tukaandika, mwisho tukapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu.

Nikarudi nyumbani Mtunda. Kwa wasiopajua, siku hizi iko Kibiti, enzi hizo yote ilikuwa Rufiji, na kila jambo la serikali lilikupeleka Utete.

Nilifika wakati mzuri. Shirika moja la wafadhili lilikuwa limejenga chekechea kijijini, bati jipya, bembea mbili, na linatafuta mwalimu.

Sasa hapa mnielewe. Shirika lilijenga pale kwa sababu wageni wao walipopita waliona watoto wengi wamekusanyika barazani kwa mama mmoja, jina lake Bi Somoe. Mama zao walikuwa wakienda mashambani wanamwachia yeye. Mtu mzima yule, amelea saba wa kwake, na kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha hao watoto kunawa, kusalimia, kuhesabu na kutogombana.

Siku ya intavyuu tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Bi Somoe aliulizwa kama ana cheti. Akasema alisoma elimu ya watu wazima, anajua kusoma na kuandika. Wakamshukuru.

Mimi niliulizwa kwa Kiingereza kama napenda watoto. Nikajibu yes, very much. Ukweli ni kwamba mimi ndiye kitinda mimba kwetu, sikuwahi hata kumbeba mtoto mgongoni.

Nikawa mwalimu. Bi Somoe akawa mpishi wa uji.

Wiki ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilisimama ubaoni nikasoma daftari langu. Watoto thelathini na kitu wakanitazama kwa heshima, kisha mmoja akalala, mmoja akajikojolea, na wawili wakatoka nje bila kuaga. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio ni mzuri.

Kitu kimoja nilichokikumbuka vizuri kwenye kozi ni zana halisi. Mtoto asihesabu hewa, ahesabu kitu anachokishika. Basi nikanunua choroko, nikamgawia kila mtoto punje kumi. Wakahesabu, wakapanga, wakarudisha. Nilijisikia fundi.

Palikuwa na mtoto mmoja, Tatu, wa miaka mitano hivi. Alipokea kumi, akarudisha nane. Nikamwandikia: hajui hesabu, anapoteza zana.

Baada ya hapo Tatu akaanza kuharibika. Nikimwita haitiki. Nikisema simameni, anakaa. Nikisema kaeni, anatazama wenzake kwanza ndipo akae. Kuimba akaacha kabisa. Zikapita wiki, ukapita mwezi na zaidi.

Shirika lilikuwa linataka matokeo, na mgeni wao alikuwa anakuja. Mimi nikatoa kalamu.

Nikamwandikia baba yake barua. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliipenda. Nilisema mtoto "ana uzito wa akili na hafai kuendelea katika kituo". Nikaweka na mhuri.

Baba yake hakugomba. Alisema kama shule imeshindwa, mavuno yakikaribia atampeleka Mbwara kwa bibi yake akaamie ndege kwenye mpunga. Wanaotoka kwetu wanajua, mtoto akishaanza kazi hiyo ya kufukuza ndege shambani, shule inakuwa hadithi. Mama yake alilia siku mbili. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, maana mimi nilikuwa napanga mabango ya kumpokea mgeni.

Bi Somoe akaja darasani watoto wamekwisha kuondoka. Bado ana mwiko mkononi.

"Mwalimu, mtoto yule hasikii."

Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba hilo ni suala la hatua za ukuaji, tumelisoma.

"Nikimwita kwa nyuma hageuki. Nikipiga mchi chini anageuka, kwa sababu ardhi inamtikisa. Halafu masikio yananuka."

"Watoto hupitia hatua, Bi Somoe."

"Hatua gani hizo zinazonuka?"

Wakuu, nikafunua kurasa. Daftari langu halikuwa na ukurasa huo.

Akasema niandike barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza. Nikakataa. Nitamwambiaje mtu mzima kwamba mhuri ulikosea? Hapo Bi Somoe hakubishana nami tena. Alikwenda moja kwa moja kwa mama Tatu, na asubuhi yake nilipofika shuleni nikawakuta wote watatu wamekaa kwenye ngazi: Bi Somoe, mama, na Tatu amevaa gauni la sikukuu.

"Mwanangu," Bi Somoe akaniambia, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "wapeleke hospitali Utete. Wakimwona mama peke yake watampanga mstari hadi jioni. Wewe una cheti, watakusikiliza."

Alisema bila kejeli yoyote. Hilo ndilo liliniuma.

Tukapata lori lililopakia korosho, likatushusha, tukatembea, tukavuka mto, tukafika Utete mchana. Njia nzima mama Tatu alikuwa anamsemesha mtoto kwa sauti kubwa mpaka abiria wanatugeukia. Ndivyo alivyokuwa akiongea naye nyumbani wiki zote hizo, anadhani mtoto amekuwa jeuri.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Akamulika sikio la kulia, akamulika la kushoto. Akaita nesi, wakaleta maji ya uvuguvugu na kibomba. Tatu alilia, mama akamshika kichwa, mimi nikashika miguu.

Kikatoka kitu, kikaangukia kwenye kisahani. Kimevimba, cheusi, kimefunikwa na usaha. Halafu kikatoka cha pili kutoka upande wa pili.

Daktari akavisuuza, akavitazama.

"Nyumbani mnalima choroko?"

"Hatulimi," mama akajibu. "Sisi ni mpunga na ufuta."

Nikakitazama kile kisahani. Kumi akarudisha nane. Mtoto hakupoteza zana, alikuwa amezihifadhi, na mimi niliziandika kwenye ripoti kwa mkono wangu.

Ningeweza kunyamaza. Mama hakujua, daktari hakujua.

"Ni za shuleni," nikasema. "Nilizigawa mimi."

Daktari hakuinua kichwa, anaandika dawa.

"Mwalimu wa nini wewe?"

"Wa chekechea."

"Umesomea?"

"Nimesomea."

Akaendelea kuandika.

Mama Tatu hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akafunga kanga yake upya, akambeba mtoto. Bora angenitukana.

Tulipewa dawa ya usaha ya siku kadhaa. Lakini jioni ile ile, tukiwa kando ya mto tunasubiri kuvuka, mama akamwinamia mtoto na kumwambia kwa ile sauti yake ya siku zote anywe maji. Tatu akaziba masikio.

"Mama, mbona unanipigia kelele?"

Mama yake akakaa chini kwenye mchanga, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikageukia upande mwingine, nikajifanya natazama viboko.

Kesho yake nikaenda kwa baba Tatu. Nikamwambia barua ile ni ya uongo na aliyeshindwa ni mwalimu. Akasema, "Niliipeleka kwa watu wawili wanisomee. Nikadhani wa kwanza hajui kusoma." Akanirudishia. Tatu hakwenda Mbwara.

Kisha nikaenda shuleni, na hapo ndipo niliposhikwa na aibu ya pili. Bi Somoe alikuwa amebaki na watoto siku nzima niliyokuwa Utete, na asubuhi hiyo ameanza nao bila mimi. Wamekaa duara. Wanahesabu vidole, vidole haviingii sikioni. Hakuna aliyelala. Mmoja aliyetaka kutoka alinyoosha mkono.

Nikamwambia, "Bi Somoe, endelea. Mimi nakwenda jikoni."

Akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

Kuanzia hapo tukafanya kazi hivyo. Yeye anafundisha, mimi napika uji, na uji ukishaiva nakaa nyuma ya watoto najifunza. Alinionyesha kumtazama kila mtoto anapoingia mlangoni: macho, masikio, anavyotembea, amekula au hajala. Alisema mtoto mdogo hakwambii anaumwa, anakuonyesha, na wewe ukishika daftari hutaona.

Ripoti ya Tatu niliituma kwa shirika nikiwa mkweli kabisa. Niliandika nilichofanya, na niliandika mpishi ndiye aliyegundua. Nikasubiri kufukuzwa.

Jibu likaja. Walinipongeza kwa utambuzi wa mapema na uwazi, wakanipa baiskeli.

Nikawaandikia tena, nikaomba Bi Somoe awe mwalimu rasmi. Wakajibu kwamba wanathamini mchango wake, ila hana cheti.

Siku moja ofisa akaja bila taarifa. Alipitia jikoni kwanza, akanikuta nimejifunga kanga kiunoni, macho yamejaa moshi. Akaniuliza mwalimu yuko wapi. Nikamwelekeza kwa kidole. Akakaa darasani muda mrefu, akatoka akitabasamu, akaandika, akaondoka. Hakuuliza jina la mtu.

Nakala ya ripoti yake ikafika baada ya wiki kadhaa. Aliandika kwamba mwalimu ni hodari kupita aliowaona, vyeti vyake vimefanya kazi. Chini akaongeza kwamba mpishi ni mtiifu lakini uji wake una mabonge.

Mradi ulipofika mwisho, wafadhili walifanya sherehe ya kuaga. Mimi nikapewa cheti cha mwalimu bora. Bi Somoe akapewa cheti cha mpishi bora, kimetiwa fremu.

Alikisoma polepole, herufi kwa herufi, kisha akanigeukia.

"Nimesomesha watoto wa kijiji kizima," akasema, "nikatunukiwa kwa uji wako wa mabonge."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikuweza kucheka siku ile. Sasa hivi naweza, kidogo.

Wazazi walimwomba aendelee na watoto baada ya mradi, akaendelea mpaka nguvu zilipomwishia. Mimi nikaenda chuo cha kweli, miaka miwili, na niwaambieni kitu: mengi waliyonifundisha kule yalikuwa sahihi, na nusu yake nilikuwa nimeshayasikia jikoni.

Kwa hiyo msinisome vibaya. Sisemi cheti hakina maana. Mwalimu asiyesoma naye anaua, na mimi nashukuru kwa kila nilichosomeshwa. Ninachosema ni kwamba cheti changu cha kwanza hakikunifundisha kumtazama mtoto, kilinifundisha kumwandikia ripoti. Siku hizi nikikaa kwenye usaili wa walimu, namleta mtoto mmoja chumbani, wanacheza dakika tano, kisha namuuliza mwombaji: umeona nini kwake? Wengi wananitajia vyeti vyao.

Tatu ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, tunasalimiana vizuri. Bi Somoe ametangulia, Mungu amrehemu.

Haya, walimu na wazazi mliomo humu, uwanja ni wenu. Nani alikuwa wa kwanza kukuona wewe ulivyo, na je, alikuwa na cheti?