Shika Mkanda, Mkuu

Moto ulikuwa haumuunguzi Koplo. Hayo si maneno ya vijiweni. Kituo kizima cha zimamoto kilijionea siku alipotoka ndani ya stoo ya rangi inayowaka, amekumbatia mtungi wa gesi, na nyusi zake zote zipo. Alikuja kutoka jeshini na tabia zake zote: kitanda kisicho na kunjo, viatu vinavyong'aa, na kanuni moja asiyoivunja. Motoni wanaingia wawili, wa nyuma kashika mkanda wa mwenzake.

Wa nyuma alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa masihara aliyedai anamfuata Koplo ili apate kivuli.

Ungedhani kituo kilichojaliwa mtu kama huyo kingeshukuru na kuchapa kazi. Thubutu. Mkuu wa kituo aliona kapata mteremko. Makoti yakichanika, "Koplo yupo." Mipira ya maji ikivuja, "Koplo yupo." Viti vya ofisini kwake vilibadilishwa, mapazia yakafuata, na shemeji akaendelea kuingia motoni na koti lenye tundu mgongoni la kupitisha kichwa.

Kisha likaungua duka la magodoro. Koplo hakuhisi joto, kwa hiyo hakujua kuwa limezidi kiasi cha binadamu mwingine kuvumilia. Alisonga mbele kama kawaida yake, na mkanda ulipolegea ndipo akageuka.

Wodini shemeji alilazwa kifudifudi. "Leo kivuli kilikuwa kifupi," alinong'ona, akajaribu kucheka, akashindwa. Mkewe Koplo hakumlaumu mtu. Alikaa tu akimpepea kaka yake, na hilo lilimkata Koplo maini kuliko matusi.

Mkuu naye akaja, macho makavu. "Si alikuwa nyuma yako? Sasa kaunguaje?"

Damu ilimchemka Koplo. "Naomba makoti, mkuu. Vijana wengine wataungua."

"Makoti baadaye. Kuna wageni kutoka wizarani wanakuja kukuona. Usiniangushe."

Wageni walikaa chini ya turubai, mbele yao kibanda cha mbao kimetiwa moto makusudi, na mkuu akijisifu kwenye kipaza sauti utadhani yeye ndiye asiyeungua. Koplo akaja kwa mwendo wa gwaride, akapiga saluti.

"Niko tayari, mkuu. Naomba mtu wa nyuma."

"Ingia tu mwenyewe, bwana. Wewe huungui."

"Kanuni ni wawili. Shemeji yangu yuko wodini, na hili ndilo koti aliloungua nalo." Akalikunjua. Wageni waliuona moto wa kibanda kupitia tundu la mgongoni. "Livae, mkuu. Shika mkanda, tuingie."

Mkuu alicheka ili igeuke mzaha, lakini hakupata wa kucheka naye.

"Vaa basi," alisema mama mmoja wa wizarani. "Si ndilo wanalovaa vijana wako?"

Mkuu akarudi nyuma, jasho linamtiririka, na kipaza sauti kikaendelea kurusha pumzi zake. Koplo alisimama mguu sawa, mkono umenyooka na koti, hasira zote kazifunga kifuani, mpaka kibanda kikaanguka chenyewe. Mkuu hakuwa amegusa hata kifungo.

Yule mama akainuka kitini. "Makoti mengine yako wapi?" akamuuliza Koplo, si mkuu.