Ndege Iliyomleta Dada

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ndege zake ziliruka kutoka Sydney kwenda miji ya ndani, kwenye mashamba ya ngano na kondoo, nami nilikuwa mhudumu wa kugawa chai na kukagua mikanda. Korona ilipoingia tukarudishwa nyumbani. Nikapata kibarua cha kufua mashuka katika makao ya wazee, Auburn, hapo hapo Sydney.

Mama alifariki Tanga katika kipindi hicho. Mipaka ilikuwa imefungwa. Nilitazama mazishi kwenye simu nikiwa nyumbani na mume wangu, Rooty Hill. Dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, aliyatazama akiwa Auckland. Kutoka kwake hadi kwangu ni saa tatu tu angani, lakini njia haikupitika. Tulipeana pole kwa video, kila mmoja akijikaza asimlize mwenzake.

Siku moja msimamizi wetu wa ndege akanipigia. "Unarudi kazini. New Zealand wamefungua, hakuna karantini tena. Tunaanza kuruka kwenda Auckland."

Nikampigia dada kabla sijavua glavu za kufulia.

"Ila sitatoka uwanjani," nikamwambia. "Tunashusha abiria, tunapakia wengine, tunageuza."

"Basi, mdogo wangu. Na mimi kazini wamekataa kunipa ruhusa ya kuja kwako. Tutaonana Mungu akipenda."

Siku ya safari ya kwanza, magurudumu yalipogusa ardhi ya Auckland abiria walipiga makofi. Walishuka nusura wakimbie. Niliwaonea wivu, nikainama kuokota takataka vitini.

Abiria wa kwenda Sydney walipoanza kupanda nilisimama mlangoni na barakoa yangu, karibu huyu, karibu yule. Akaja mwanamke mwenye koti la rangi ya machungwa, naye kajifunika barakoa mpaka machoni. Akanionyesha tiketi bila kusema neno. Nikamwelekeza kiti chake kwa Kiingereza. Hakusogea.

"Hunijui?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Au ndo umeshakuwa Mzungu?"

Nilimtambua kwa sauti. Ni dada. Alikuwa amenidanganya, ruhusa alipewa siku nyingi.

Msimamizi, aliyekuwa nasi safarini, akanishika bega, akachukua nafasi yangu mlangoni. "Nendeni nyuma," akasema. Huko kwenye jiko la ndege, kati ya matoroli, tulikumbatiana tukamlilia mama kwa sauti. Hakuna aliyetuharakisha. Mwishowe dada akanifuta uso kwa kiganja.

"Haya, kafanye kazi. Mimi niletee chai."

Nikampelekea tulipokuwa angani. Akaonja, akakunja uso. "Chai gani hii, haina hata tangawizi!"

Alikaa kwetu likizo yake yote. Jumamosi tuliwaalika Watanzania wachache, tukasoma hitima, tukapika pilau. Wageni walipoondoka nilikuwa naosha masufuria, dada yuko sebuleni anamtania mume wangu juu ya Kiswahili chake cha Nairobi. Nikavuta pumzi, ikashuka yote mpaka chini. Kifua hakikunibana kama kilivyonibana tangu mazishi ya mama.